Trekta la Theluji: Ni Israfu au Ni Haja?



Mwezi wa Januari, wakati sisi wa pwani tunapolalamikia joto la kaskazi na kulala madirisha wazi, wapo wana wetu na wajukuu wetu wa Ottawa, Montreal, Toronto na Minneapolis ambao huamka alfajiri wakaukuta mlango wa mbele umezibwa na theluji. Mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ana mwana anayeishi Ottawa na mkewe na watoto watatu. Kijana amemweleza mamake kwamba kila mwaka, kabla ya baridi kuingia, hulipa dola mia kadhaa za Kanada, ambazo kwa hesabu yetu ni makumi ya maelfu ya shilingi, ili mwenye trekta aje kumwondolea theluji mbele ya nyumba. Mama hakupendezwa. "Sheikh," akaniuliza, "mwanangu ana mikono miwili, na beleshi lauzwa dukani. Hii si israfu?"

Swali ni la haki, na halifai kujibiwa kwa neno moja. Walimu wetu walitufunza kwamba jambo halihukumiwi kabla ya kujulikana lilivyo. Na theluji, sisi tuliozaliwa ufuoni, aghalabu twaijua kwa picha tu. Katika picha huonekana nyepesi kama sufi. Na kweli ikianguka mpya ni nyepesi mkononi, lakini mzigo wake umo katika wingi wake.

Natupige hesabu. Nyumba nyingi za mitaa ile hazikupakana na barabara. Baina ya barabara na mlango wa gereji pana kijia cha gari, mara nyingi cha lami, na kukisafisha ni juu ya mwenye nyumba. Manispaa husafisha barabara, basi. Chukua kijia cha kadiri, urefu wake mita 12 na upana wake mita 5. Hizo ni mita 60 za mraba. Theluji ikianguka sentimita 20 usiku mmoja, jambo ambalo si geni kule, juu ya kijia hicho huwa pamekusanyika mita 12 za ujazo. Theluji mpya iliyo kavu huwa na uzito wa karibu kilo 100 kwa kila mita ya ujazo. Jumla yake ni kilo 1,200, yaani magunia 13 ya mahindi ya kilo 90, na la kumi na nne limeanza kujazwa. Mzigo wote huo uinuliwe kwa beleshi na kutupwa kando, gizani, kabla ya saa ya kazi na ya skuli. Theluji ikiwa imelowa, kama inavyotokea sana kuelekea mwisho wa msimu, uzito huzidi mara mbili, hata mara tatu. Na mjini Ottawa au Montreal, theluji yote ya msimu mmoja hupita, kwa wastani, mita mbili. Haishuki kwa siku moja, alhamdulillahi. Hushuka kwa mafungu, na kila fungu lina asubuhi yake ya taabu.

Kisha kuna jambo ambalo wageni hawalitarajii. Mtu amekwisha kusafisha, jasho limemtoka ndani ya koti, ameingia kunywa chai. Hapo hupita gari la manispaa lenye bapa kubwa la chuma, linasukuma theluji ya barabarani, na linapopita huacha tuta refu kwenye mdomo wa kijia. Tuta hilo si sufi tena. Limeshindiliwa, limechanganyika na chumvi na mapande ya barafu, na likiachwa saa chache huwa gumu kama jiwe la matumbawe. Gari halivuki. Yule aliyekuwa amemaliza hana budi kurudi nje na beleshi lake, safari hii kuvunja, si kuchota. Waulizeni watoto wenu walioko huko ni kitu gani kinachowaudhi zaidi katika baridi yote. Wengi watawatajia tuta hili kabla ya kuitaja baridi yenyewe.

Taabu peke yake isingetosha kuwa hoja, kwani kazi ngumu si aibu wala si madhara. Lakini hapa madhara yapo, na yamepimwa. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada lilichapisha utafiti wa jimbo la Quebec uliotazama wagonjwa waliolazwa na watu waliofariki kwa mshtuko wa moyo tangu 1981 hadi 2014. Ilibainika kwamba siku inayofuatia theluji ya sentimita 20, uwezekano wa mwanamume kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa juu kwa asilimia 16 kuliko siku isiyo na theluji, na uwezekano wa kufariki kwa ugonjwa huo ulikuwa juu kwa asilimia 34. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Watafiti wenyewe walielekea kudhani kwamba ni kwa sababu wanaume ndio hasa washikao mabeleshi.

Sababu yake haina fumbo. Baridi kali hubana mishipa ya damu. Mtu aliyekaa kazini siku tano juu ya kiti huamka ghafla akaanza kazi ya kuli. Anainua kwa mikono, anazuia pumzi kila anapoinua, shinikizo la damu linapanda, na moyo unataka damu zaidi wakati ambapo mishipa yake inapitisha kidogo. Kisha yumo katika haraka, kwa kuwa saa inakwenda. Kwa hiyo mama mwenye mwana wa miaka arubaini na kitu, mwenye presha au sukari, au ambaye babake alishikwa na moyo, asiione ile ada ya trekta kama anasa. Aihesabu pamoja na dawa.

Sitaki, hata hivyo, kuhalalisha kila kitu. Kijana wa miaka ishirini na tano, mzima wa mwili, mwenye kijia kifupi cha gari moja, beleshi lamtosha, na kazi ile yamfaa kuliko kulipia ukumbi wa mazoezi. Baina yake na yule wa kwanza kuna njia ya kati, nayo ni ile mashine ndogo ya petroli au ya betri anayoisukuma mtu mwenyewe kwa miguu, akaimiliki miaka mingi. Lakini mashine hiyo yataka mahali pa kuwekwa, yataka matengenezo, na yataka mtu awepo nyumbani. Aliye zamu ya usiku hospitalini, au aliyesafiri akamwacha mkewe na watoto wadogo, hawezi kuisukuma akiwa mbali.

Mashine ya kurusha theluji inafanyaje kazi? Kina mama wataifahamu upesi kuliko waume zao, kwa sababu wanayo ndugu yake jikoni. Itazameni mashine ya kusagia kima: ndani yake mna chuma kilichojipinda kama parafujo, kinachozunguka na kuivuta nyama kuelekea mbele. Mashine ya theluji ina parafujo kubwa ya namna hiyo, imelazwa kwa upana wote wa mdomo wake. Ikizunguka huila theluji kutoka pande mbili na kuileta katikati. Hapo katikati, nyuma yake, kuna pangaboi nzito inayokwenda kasi, ambayo huidaka theluji na kuitupa juu kupitia shingo ya bati. Shingo hiyo hugeuzwa kushoto au kulia, na theluji huruka mita nyingi ikaangukia bustanini.

Mtu anayetajwa sana katika historia yake ni Arthur Sicard, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1876 karibu na Montreal. Katika zama zake, theluji ilikuwa ikizifunga njia hata maziwa ya mashambani hayafiki mjini. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoiona mashine ya kupura nafaka ikifanya kazi shambani, jinsi ilivyokuwa ikivuta mabua na kuyatupa. Mashine iliyofaulu aliikamilisha mwaka 1925, tangu wazo hadi chombo miaka kama thelathini, na mwaka 1927 akauzia mji wa Outremont. Ilikuwa lori lenye injini ya pili kwa ajili ya kurushia theluji tu, na iliweza kuitupa zaidi ya mita 25. Hiyo ilikuwa ya barabara. Kuifikisha mpaka mlangoni mwa nyumba za watu kulitaka chombo kidogo zaidi, na chombo hicho kilikuwa kimelala bandani: trekta la shamba, ambalo wakati wa baridi halina kazi.

Trekta lina kitu ambacho gari la kawaida halina. Nyuma yake pana fimbo fupi ya chuma inayozungushwa na injini, ambayo huendesha vyombo vya kilimo vinavyofungwa hapo. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 au 1,000 kwa dakika. Ondoa chombo cha kukatia majani, funga mashine ya theluji, na mkulima amepata kazi ya miezi mitano. Katika Quebec na upande wa Ottawa, mafundi wameupindua utaratibu. Badala ya mdomo wa mashine kutazama nyuma, wameuelekeza mbele, kwenye magurudumu ya trekta. Dereva huingia kijiani kinyumenyume, mashine ikiwa imeinuliwa, mpaka akaribie mlango wa gereji. Hapo huiteremsha, akaondoka kwenda mbele, na mashine humfuata nyuma ikila theluji na kuirusha kando. Hapindi shingo kutwa nzima, na theluji iliyo mlangoni kabisa huvutwa nje badala ya kusukumwa juu ya mlango. Kasoro yake ni kwamba magurudumu hupita juu ya theluji kabla mashine haijaila, na pale palipokanyagwa hushikamana na lami; ndiyo maana mashine nyingi huwekewa bapa la kukwangulia.

Kijia kimoja humalizika kwa dakika mbili tatu. Huyo amekwenda nyumba ya pili. Trekta moja laweza kuwa na nyumba themanini, mia, au zaidi katika zamu yake, na dereva huanza usiku wa manane ili wa mwisho asichelewe kazini. Wapo pia wanaotumia gari dogo la mizigo lenye bapa mbele. Hilo ni jepesi na la haraka, lakini lasukuma tu. Kila mara huacha kilima pembeni, na ifikapo Februari vilima vimekinyang'anya kijia nusu ya upana wake. Mashine ya kurusha huitandaza theluji mbali, na kwa nyumba yenye kijia chembamba baina ya majirani wawili, mimi naona haina mfano. Sharti moja: isirushwe kwa jirani wala barabarani. Manispaa nyingi hutoza faini kwa theluji ya nyumbani inayotupwa njiani. Nasi hatuna haja ya kuambiwa na manispaa habari ya kuondoa udhia njiani na haki ya jirani.

Sasa mkataba, ambapo vijana wetu wengi hukanganyikiwa. Desturi ni kulipa kabla, kwa msimu mzima, aghalabu tangu Novemba mpaka Aprili. Msimu ukiwa na theluji haba, mwenye trekta amefaidi. Ukiwa na theluji nyingi, mwenye nyumba amefaidi. Wapo wanaopatana kwa kila safari, na aliyepita mlango wa ijara madrasa ataona mara moja kwa nini mapatano ya namna hiyo yako wazi zaidi. Lakini usiku wa dhoruba mwenye trekta huwaendea kwanza wateja wake wa msimu, na huyo wa safari moja hungoja. Anayechagua msimu basi ataka kila kitu kiwe kimeandikwa. Theluji ifike kimo gani ndipo trekta lije? Wengi huandika sentimita 5, wengine zaidi. Dhoruba ikiendelea mchana kutwa, watakuja mara ngapi? Lile tuta la manispaa, watarudi kuliondoa? Kuna kiwango ambacho theluji ikikipita kwa msimu mzima mteja huongezwa ada? Wakivunja ukingo wa kijia au mlango wa gereji, bima ni ya nani? Mjini Ottawa mwenye kufanya kazi hii anatakiwa awe na leseni ya manispaa. Kuomba kuiona si utovu wa adabu. Kila mwaka husikika habari za watu waliochukua ada za Oktoba, na Januari simu zao hazishikwi. Na ijulikane pia kwamba trekta husafisha kijia cha gari peke yake. Ngazi za mlangoni na kipito cha miguu hubaki kwa wenye nyumba, kwa hiyo beleshi halitupwi.

Kabla ya theluji ya kwanza, dereva huja kupigilia vijiti virefu vyenye rangi kali kwenye kingo za kijia, ili usiku, vyote vikiwa vyeupe, ajue lami inaishia wapi na bustani inaanzia wapi. Watoto wasiving'oe. Na kila usiku wa theluji kijia kiachwe kitupu: zulia la mlangoni, mpira wa maji, waya wa umeme, kigari cha mtoto, hata gazeti lililotupwa asubuhi. Vikimezwa na ile parafujo hukwama au hurushwa kama risasi. Mafundi wameweka pini laini inayokatika kwanza ili gia isivunjike, lakini pini ikikatika dereva husimama barazani kwako na nyumba hamsini zinamngoja.

Nimefika mahali ambapo naomba kina mama wasome polepole, kisha wawasomee walioko huko kwa simu. Watoto huipenda theluji. Huchimba mapango ndani ya vile vilima vya pembeni, wakajificha humo, na kilima kilicho kando ya barabara au ya kijia ndicho kikubwa na kizuri kuliko vyote. Dereva wa trekta anaingia kinyumenyume, gizani, theluji inamwagika machoni pake, na mtoto aliye ndani ya kilima haonekani na mtu yeyote. Wamekufa watoto kwa njia hii, kwa kufukiwa pango lilipoporomoka au kwa kugongwa na vyombo vya theluji. Sheria ya nyumba iwe moja, isiyo na majadiliano: mchezo wa theluji ni nyuma ya nyumba, na trekta likisikika mtaani kila mtoto aingie ndani mpaka liondoke. Mama asitegemee taa zake za manjano wala king'ora cha kurudi nyuma. Vyote viwili humwonya anayesikia, na mtoto aliyevaa kofia nzito, tena amezama pangoni, hasikii.

Kwa wenye mashine zao wenyewe, hatari ni ya mkono. Theluji ya majimaji huganda katika ile shingo ya bati, mashine ikaacha kurusha, na mtu kwa pupa akaingiza vidole azibue. Katika mashine nyingi za kusukuma, hata injini ikiwa imezimwa, mkanda huweza kuwa bado umekaza, na kizibo kinapotoka pangaboi huruka nusu mzunguko. Nusu hiyo yatosha kukata vidole. Kila baridi, hospitali za Marekani na Kanada hupokea watu wa ajali hii, na wengi wao si wajinga. Walikuwa na haraka. Injini izimwe, mtu angoje, kisha azibue kwa kijiti, hata kama ana hakika.

La mwisho ni hewa yenye sumu, ambayo haina rangi wala harufu. Mwezi wa Januari 2016, katika mji wa Passaic, jimbo la New Jersey, baba mmoja alikuwa akichimbua theluji kuizunguka gari yao. Mkewe na watoto walikuwa wamekaa ndani ya gari, injini inaunguruma, wapate joto. Bomba la moshi lilikuwa limefukiwa na theluji, na moshi ukarudi ndani. Mama na mtoto wake wa mwaka mmoja walifariki hapo, na dada yake akafuata baada ya siku chache. Baba alikuwa hatua chache kutoka kwao. Gari iliyozungukwa na theluji isiwashwe kabla bomba lake halijachimbuliwa, na asikae mtu ndani wakati kazi inaendelea. Vivyo hivyo gari isiwashwe ndani ya gereji kwa kungojea trekta lipite, hata mlango wake ukiwa wazi.

Nyumba za huko pia zina mabomba mafupi yanayotokeza ukutani, chini, mara nyingi upande ule ule wa kijia. Hayo hutoa moshi wa tanuri linalopasha nyumba joto. Mashine ya trekta inaporusha theluji bustanini, rundo laweza kuangukia ukuta na kuyafunika, na watu wamelala. Baada ya kila dhoruba mtu mmoja wa nyumba, na ajulikane ni nani, atoke akayaangalie na kuyasafisha kwa mkono, maana trekta halifiki huko. Na kifaa cha kutambua sumu hiyo kiwekwe karibu na vyumba vya kulala, betri zake zikaguliwe mwezi wa Oktoba, wakati ule ule ada ya trekta inapolipwa.